Walimpa maiti karata? Michezo ya mkesha wa msiba kule Ireland

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya kutunza wazee katika Kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwezi huu amefariki bibi mmoja wa miaka 91 niliyemhudumia karibu miaka mitatu. Tulizoea kucheza karata kila Jumatano, na nikuambie ukweli, alikuwa mwizi. Familia ikanikaribisha kwenye mkesha nyumbani kwao. Jeneza liko wazi sebuleni, watu wanakunywa chai, na wanacheka! Siyo cheko la kuziba mdomo, ni la kushika mbavu. Nikajiona kama nimekosea nyumba. Babu aliyekaa karibu nami aliniona nilivyoduwaa, akasema haya si kitu, enzi za babu yake walicheza michezo mpaka alfajiri, na mara nyingine maiti naye aligawiwa karata. Alikuwa ananitania? Na kama ni kweli, Wakatoliki hawa waliwezaje? Nimealikwa tena kwenye Misa ya mwezi na sijui nijiweke vipi.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na bibi yako. Uliyemlisha na kumgeuza kitandani miaka mitatu ni wako, hata kama hamkuzaliwa ukoo mmoja.

Babu yule hakukutania. Sitashangaa nikisikia kwamba alipunguza chumvi badala ya kuongeza, maana mbele ya mgeni, tena mwanamke, ipo michezo ambayo mzee wa Mayo hataitaja.

Habari hizi zimehifadhiwa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1935 serikali ya Ireland iliunda tume ya kukusanya mapokeo ya nchi, na wakusanyaji wakatumwa vijijini wakae na wazee, wasikilize, waandike. Kati ya 1937 na 1939 hata watoto wa shule za msingi zipatazo 5,000 walipewa kazi ya kuwahoji bibi na babu zao na kuyaandika majibu kwenye madaftari. Mtunza nyaraka wa tume hiyo, Seán Ó Súilleabháin, mzaliwa wa Kerry, alizichambua habari za misiba, na mwaka 1961 akachapisha kwa Kiairishi kitabu kizima juu ya michezo ya mikesha. Karata ya maiti imo. Imo pia habari ya maiti kuwekewa kiko mdomoni, na ya maiti kuinuliwa eti acheze na wenzake. Mimi nafundisha fasihi simulizi, nimezoea mengi, lakini nilipofika ukurasa huo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikaenda kuchemsha chai.

Kabla ya michezo yenyewe, nikuondolee uzushi mmoja unaozunguka mitandaoni, kwa sababu lazima utausikia huko. Wanasema zamani watu walinywea pombe kwenye vikombe vyenye madini ya risasi, mtu akazimia kama amekufa, ndugu wakamkalia macho waone kama ataamka, na ndiyo asili ya mkesha kuitwa kwa Kiingereza "wake". Si kweli. Neno hilo la Kiingereza kwa maana yake ya kale ni kukaa macho, kulinda usiku, sawasawa na mkesha wetu. Waairishi kwa lugha yao husema faire, yaani ulinzi, au tórramh. Anayetakiwa kuwa macho ni jirani. Maiti kashalala.

Na hapo ndipo pa kuanzia. Wewe unaishi Mayo, unajua Desemba ya huko: jua linazama kwenye saa kumi na robo jioni, na kuliona tena ni karibu saa tatu asubuhi. Ni giza la zaidi ya saa kumi na sita. Sasa weka nyumba ya mawe ya vyumba viwili au vitatu, moto wa mboji kavu ule wanaouwasha badala ya kuni, majirani thelathini au arobaini wamebanana, nje mvua, ndani maiti ambaye hatakiwi kuachwa peke yake hata dakika moja, na pengine mkesha wenyewe ni wa siku mbili. Watu waliolima mchana kutwa. Utawafanyisha nini wasisinzie? Wataalamu wengi wanakimbilia miungu ya kale na ibada za rutuba. Huenda ni hivyo. Mimi naanza na usingizi.

Mtu alipokata roho, saa ya ukutani ilisimamishwa palepale. Vioo vilifunikwa, dirisha likafunguliwa ili roho ipate njia. Wafiwa hawakugusa kazi ya kuosha. Waliifanya wanawake wa jirani wenye uzoefu, ambao kila kijiji kilikuwa nao na kila mtu aliwajua. Walimwosha, wakamvika, mara nyingi kanzu ya kahawia kama ya watawa Wafransisko, wakamzungushia rozari vidoleni, wakatundika shuka nyeupe ukutani mahali alipolazwa, wakawasha mishumaa. Mpaka wamalize, hakuna kulia kwa sauti. Wazee walisema kilio cha mapema kinawaamsha mbwa wa shetani wanaoivizia roho njiani. Mimi naona palikuwa na busara nyingine hapo: maiti lazima atengenezwe kabla hajakauka, na mikono inayofanya kazi hiyo haitaki mtu wa kumrukia marehemu kifuani. Akishalazwa vizuri, kilio kinafunguliwa, na kikifunguliwa kinasikika ng'ambo ya bonde.

Kisha tumbaku. Hii ndiyo iliyokuwa heshima ya msiba, kuliko hata pombe. Sahani ya ugoro iliwekwa karibu na maiti, wakati mwingine juu ya kifua chake, na kila aingiaye achote kidogo huku akisema "Mungu amrehemu". Viko vya udongo mweupe vilinunuliwa vingi kwa siku hiyo, vikajazwa, vikagawiwa, na hata asiyevuta alivuta mara mbili tatu kwa ajili ya dua. Viko hivyo vikaishia kupewa jina la dua yenyewe: watu walisema "nipe hiyo Mungu-amrehemu". Kijiji cha Knockcroghery, Kaunti ya Roscommon, kiliishi kwa kufinyanga na kuchoma viko vya namna hiyo vizazi na vizazi, hadi Juni 1921, wakati wa vita vya uhuru, vikosi vya Waingereza vilipokiteketeza kwa moto na kazi hiyo ikafa papo hapo. Pombe nayo ilikuwepo, wiski kwa mwenye uwezo, na poitín, yaani gongo ya kwao inayopikwa mafichoni. Lakini wanaosema kwamba yote yale yalikuwa ulevi tu hawajawahi kuangalia michezo ilivyopangwa. Mlevi hawezi kufuata kanuni nyingi hivyo.

Kilio kiliongozwa na wanawake. Aliyekijua zaidi aliitwa bean chaointe, na alichokiimba, caoineadh, ni mbolezi hasa: anainama juu ya maiti, anayumba, anamwita kwa jina, anamsifu yeye na ukoo wake, anamuuliza kwa nini ameondoka na chakula kipo mezani, kisha wanawake wote wanapokea kwa kilio kisicho na maneno, halafu kimya, halafu anaanza ubeti mwingine. Wengine walialikwa kwa kazi hiyo na kulipwa kinywaji au fedha kidogo. Mbolezi iliyo maarufu kuliko zote ni ya Art Ó Laoghaire, kijana aliyepigwa risasi huko Cork mwezi Mei 1773, ambayo kwa mapokeo ni ya mjane wake, Eibhlín Dubh Ní Chonaill. Ndani yake mna ugomvi wa mkeshani. Dada wa marehemu anamsuta wifi yake kwamba mume amelazwa na yeye kaenda kitandani. Eibhlín anamjibu: sikwenda kulala, nilikwenda kuwabembeleza watoto wasinzie. Wanawake wawili wenye uchungu wa mtu mmoja wanatafuta tusi zito la kurushiana, na tusi walilolipata ni usingizi.

Saa sita usiku ilisaliwa rozari. Baada ya hapo wazee waliaga, padri kama alipita alikuwa ameshaondoka zamani, na nyumba ikabaki kwa vijana. Hapo anasimama cleasaí, bingwa wa vituko. Kila eneo lilikuwa na wake, mtu anayejulikana, wakati mwingine aliitwa kutoka mbali kama anavyoitwa manju wa ngoma. Yeye ndiye aliyeamua mchezo gani uchezwe, nani akae wapi, nani aadhibiwe, na neno lake lilikuwa sheria hadi kunakucha.

Mwepesi kuliko yote ulikuwa wa kiatu. Wanakaa sakafuni kwa duara, magoti juu, bega kwa bega. Mmoja yuko katikati. Kiatu, au kitambaa kilichofungwa fundo gumu, kinapitishwa chini ya magoti kutoka mkono hadi mkono, na aliyeko katikati akitafute. Akigeukia kushoto, wa kulia anakichomoa na kumcharaza mgongoni, puu, kisha kinarudi chini na kuzama. Anageuka; kila uso mbele yake ni wa mtakatifu. Akikikamata, aliyekamatwa nacho ndiye anaingia katikati. Kuna mwingine wa kofi: unainamisha uso kwenye mapaja ya mtu, kiganja umekilaza mgongoni kimeelekea juu, unapigwa, unaambiwa utaje aliyepiga. Ukikosea unabaki palepale. Wasimulizi wa tume walikumbuka mikono iliyovimba mpaka mazishini. Watu wazima hao, wenye mashamba na wake.

Na michezo ya nguvu: wawili wanakaa chini nyayo kwa nyayo, wanashika fimbo moja, anayeng'olewa sakafuni kashindwa. Vitendawili, vitanza ndimi, hadithi za shujaa Fionn Mac Cumhaill zinazoweza kula saa nzima kabla hajachomoa upanga. Mahakama ya kubuni, yenye hakimu, mashtaka na adhabu za ajabu. Haya nayapita haraka kwa sababu kila jamii inayo.

Uliowasumbua maaskofu ni ule wa kuunda jahazi. Vijana wanajilaza na kuketi sakafuni, wanakuwa mbao: huyu mkuku, hawa mataruma, yule omo, yule tezi. Fundi anapita akigonga, akikagua, akilaani ubao uliooza. Mtu wa pwani angefurahi kuuona, mpaka hapo. Kisha unafika wakati wa kusimamisha mlingoti, na sidhani unahitaji nikufafanulie. Kulikuwa na wa pili unaofuata, wa kulivuta jahazi kutoka kwenye tope. Katikati ya karne ya 19 John Prim, mwandishi wa mambo ya kale wa Kilkenny, aliandika, kwa hasira ya mtu mstaarabu, kwamba wanaume walioucheza walijitokeza uchi mbele ya watu wote, wanawake kwa wanaume. Maiti yuko hatua tatu kutoka hapo, mishumaa inawaka.

Ipo na ndoa ya mchezo. Kijana anajifanya padri, anawaita wavulana na wasichana wawili wawili, anawafungisha ndoa kwa maneno ambayo padri wa kweli angeyasikia angeanguka. Au msichana anakaa kwenye kiti katikati ya chumba, anaulizwa anampenda nani kati ya waliopo, anamtaja, kijana anatoka mbele ya macho yote, wanabusiana, kisha zamu ya kuchagua inakuwa ya kijana. Kumbuka hii ilikuwa nchi ambayo vijana wa kike na wa kiume hawakuwa na mahali pengi pa kukutana usiku kucha bila mtu kuuliza. Wazazi walijua. Kwa wengi, uchumba ulianzia msibani.

Vituko vya pembeni havikuwa na hesabu. Vipande vya mboji na viazi vilirushwa gizani vimpate aliyesinzia. Wazee waliopitiwa na usingizi kwenye benchi walishonewa makoti pamoja, wakaamka mmoja anamvuta mwenzake. Pilipili iliingia kwenye tumbaku. Mtu alijificha chini ya kitanda na kukitikisa ili maiti asogee. Na kuna kisa ambacho karibu kila kaunti inaapa kilitokea kwao: mzee alikuwa amepindwa mgongo na baridi yabisi, ili alale sawa ikabidi afungwe kwa kamba chini ya shuka, na usiku wa manane mtu akaikata. Mzee akaketi. Nyumba ikabaki tupu, mlango ukaondoka na bawaba zake. Mimi nakichukua kama kisa, siyo kama ushahidi, lakini angalia tena nani anaadhibiwa katika vituko hivi. Anaadhibiwa anayelala.

Sasa jambo ambalo watalii na wacheshi huliacha, nalo ndilo la msingi. Michezo haikuchezwa katika kila msiba. Akifa mtoto, au mama mwenye watoto wadogo, au kijana aliyezama baharini, hakukuwa na mchezo wala wimbo. Watu walikaa, wakavuta tumbaku, wakasali, wakanyamaza. Mkesha wa furaha ulikuwa wa mzee aliyekula chumvi akashiba, aliyekufa kitandani mwake na kuacha wa kumrithi. Kwa hiyo uliposikia cheko lile la kushika mbavu, lilikuwa limeshapima umri wa bibi. Angekuwa na miaka 30, usingelisikia.

Kwa nini basi? Ó Súilleabháin mwenyewe aliona kwamba mkesha ulikuwa karamu ya mwisho ya marehemu, kumpa haki yake ya ushirika ili aondoke ameridhika, asirudi na kinyongo. Wengine hawakubali, wanasema michezo ilikuwa ya walio hai, jumuiya inajikusanya upya baada ya kupungukiwa mtu. Nikilazimishwa kuchagua, naangalia ile karata. Karata hagawiwi mtazamaji. Hagawiwi mtu unayemwogopa wala unayemdharau. Anagawiwa mchezaji, tena mchezaji ambaye jana alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, na jirani zake hawakuona sababu ya kumruka zamu kwa kuwa tu hapumui.

Nawe umetoka kwenye nchi ya utani, usijifanye mgeni sana wa haya. Umeona mtani anavyofika msibani kwetu: anavaa koti la marehemu, anaigiza mwendo wake, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe hela, na mfiwa ambaye dakika mbili nyuma alishikiliwa asizimie anajikuta anacheka na machozi yake. Tofauti ipo. Mtani wetu ana haki hiyo kwa kabila au kwa ukoo, na mtu baki akimwiga atapigwa. Kule Ireland haki ilikuwa ya ujirani na ujana. Yeyote wa kijijini aliyebaki baada ya rozari aliingia mchezoni. Lakini ukimweka mtani wa Kizaramo na cleasaí wa Mayo katika chumba kimoja, naamini wangeelewana bila mkalimani.

Umeuliza Wakatoliki waliwezaje. Kwa vita, binti yangu, na vita yenyewe ilichukua zaidi ya miaka 300. Tangu mwanzoni mwa karne ya 17 sinodi za maaskofu wa Ireland zilitoa amri dhidi ya ulevi wa mikeshani, waombolezaji wa kulipwa, na michezo michafu. Zilirudiwa kila baada ya miaka kadhaa, dayosisi baada ya dayosisi, na amri inayorudiwa namna hiyo inakuambia jinsi ilivyotiiwa. Maaskofu wengine waliwakataza vijana wasiooa kubaki msibani usiku. Hata mwaka 1927 sinodi ya Maynooth ilikuwa bado inalisemea jambo hilo. Yeyote aliyewahi kuona machifu wa magharibi mwa Kenya wakipambana na disko matanga, yaani muziki wa usiku kucha msibani, anaijua hali hiyo: serikali inasema hapana, kijiji kinaitikia ndiyo mheshimiwa, jua likizama spika zinatoka. Wachezaji wenyewe hawakujiona wako nje ya dini. Walisali rozari saa sita kwa magoti, kwa moyo, kisha wakainuka wakacheza. Rozari ilikuwa ya roho ya marehemu, mchezo ulikuwa wa marehemu mwenyewe.

Kilichoua michezo si amri peke yake. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza, iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine milioni moja kuvuka bahari, na waliokufa na kuondoka zaidi walikuwa maskini wa vijijini, wengi wao wasemaji wa Kiairishi, ndio waliobeba mbolezi na michezo. Baada ya hapo Kanisa likapata nguvu kuliko wakati wowote, likijenga na kupanga, na vijana wakaendelea kuondoka kizazi baada ya kizazi. Mchezo wa jahazi unataka vijana kumi na tano wenye nguvu. Kijiji chenye vijana wanne kitacheza karata tu. Walioondoka nao walifanyiwa mkesha, tena wa namna yake: usiku wa mwisho kabla ya meli, nyumba ilijaa, watu wakacheza na kunywa, mama akaomboleza kama mbele ya maiti, kwa sababu wengi hawakutarajia kuonana tena. Waliuita mkesha wa Marekani. Kisha, kuanzia 1946, ukaja mradi wa umeme vijijini, na vyumba vya kuagia maiti mjini, na desturi ya kulipeleka jeneza kanisani jioni ya kuamkia mazishi. Nyumba ikaachwa bila maiti na bila giza.

Lakini mkesha wenyewe haukufa, nawe ni shahidi. Magharibi na kaskazini bado una nguvu. Redio za mikoa husoma matangazo ya vifo kila siku, watu hunyamaza jikoni kusikiliza, na tovuti ya RIP.ie hutazamwa asubuhi na watu ambao hawana mgonjwa yeyote, ili tu wasikose msiba wa jirani. Machi 2020, korona ilipowabana wakaruhusiwa watu kumi tu mazishini, vijiji vizima vilijipanga kando ya barabara, mbalimbali, gari la jeneza likipita. Michezo imekwenda. Kilichobaki ni kile ulichokisikia sebuleni: kisa. Mtu anasema "unakumbuka siku ile yeye na ile punda", na chumba kinaanguka. Kisa ndicho sasa kinachowaweka watu macho.

Kuhusu namna ya kujiweka, huenda ulifanya sawa bila kujua. Kwenye mkesha unaingia, unamshika mkono kila mfiwa kwa zamu na kumwambia "pole kwa shida yako", maneno hayohayo wanayosema wote, usijitese kutafuta mengine. Unasimama kidogo mbele ya jeneza. Kumgusa mkono marehemu ni ruhusa, kutomgusa nako hakuna anayekuhesabia. Chai utapewa. Ikatae mara ya kwanza kama ni adabu yako, lakini mara ya pili ipokee, maana kuna wanawake jikoni wamekata mikate tangu asubuhi. Usipeleke bahasha ya rambirambi kama tunavyofanya huku. Wao hupeleka kadi ya Misa, yaani umemlipia padri Misa kwa ajili ya marehemu, au keki. Ukiona tangazo limeandikwa kwamba nyumba ni ya familia tu, usiende, hata kama mlipendana vipi, nenda kanisani.

Misa ya mwezi ni nyepesi zaidi. Inasomwa takriban mwezi mmoja baada ya kifo, mara nyingi ni Misa ya kawaida ya parokia ambamo jina lake linatajwa, kisha familia hukaa pamoja kwa chai au chakula. Wakikualika mezani, nenda. Hapo watakuuliza alikuwaje miezi ile ya mwisho, kwa sababu wewe uliziona Jumatano ambazo wao hawakuziona. Wasimulie za karata. Kama mchezo wenu ulikuwa ule wa ishirini na tano, ambao ndio unaochezwa sana vijijini huko, basi wote mezani watajua kwamba tano ya turufu haishindwi na karata yoyote, na watataka kujua bibi alikuwa akiificha wapi. Usimsitiri. Waambie.